Taa Hawashi Taa

Mwanzo nilijipa tani mia moja na kumi, basi.
Mwaka 1907, ule ambao haukutokea:
visiwa viwili vina jeshi lao la majini, vina gati, vina deni,
na waziri wa fedha anayehesabu hata makonyo.
Nchi kama hiyo hainunui manowari kubwa.
Hununua mwiba.

Nilichora juu ya duka la Ussi, fundi cherehani, Mtemani, Wete,
kwa rula yake ya mbao,
kwenye migongo ya kalenda za miaka iliyokwisha.
Urefu, mita arobaini na mbili. Mbavu nyembamba.
Dohani mbili fupi, zimelala nyuma kidogo
kama kofia ya mtu mwenye haraka.
Bomba moja la topido omo, mawili tezi.
Kasi, fundo ishirini na tano.
Nikafuta. Ishirini na sita.
Kisiwa cha Fundo, pembeni mwa ramani yangu,
kikawa kinanitazama tu.

Maana kila fundo lina bei yake.
Ongeza makaa, chombo kinakunywa maji.
Punguza makaa, kitafika Njao, hakitarudi.
Nikapunguza unene wa bamba.
Nikang'oa mzinga wa nyuma.
Nikang'oa jiko, kilo mia mbili na themanini,
nikapata robo ya fundo,
nikalala usingizi wa tajiri.

Vyombo vinne, vyote majina ya waumao:
Dondora, Nge, Mkunga,
na yule samaki wa mwiba mkiani, Taa.
Sheria nikazitia vina, kwa sababu Mize
hasomi karatasi ndefu akitoka zamu ya usiku:

    Taa asiwashe taa, usiku wa kuvamia,
    Moshi wake ukijaa, adui hukurukia,
    Topido ikikataa, zamu yako yaishia,
    Aliyezama kazama, mezani hatarudia.

Mize ni mkunga, hospitali ya Wete.
Alipoliona lile jina akacheka:
"Huyu ni samaki au ni mimi?"
"Samaki."
"Basi nampa mimi."
Akakiinua kile kikaratasi, akakigeuza,
akauliza kwa sauti ile ile anayoulizia
mkono ukiwa juu ya tumbo la mtu:
"Humu ndani mna wangapi?"

Sikuwa na safu ya watu.
Nilikuwa na safu ya makaa, ya mvuke, ya alama za ununuzi.
"Labda kumi na tisa," nikasema.
Akafungua kopo, akahesabu karafuu kumi na tisa,
akazipanga juu ya sitaha, vichwa vikitazama omo.
"Na wanapika wapi?"

Nikajifanya natafuta dadu.

Mimi nilishika manowari ya adui,
viberiti vitatu vilivyogandishwa kwa gundi.
Yeye alikuja kwa Mlango wa Njao, zamu ya tano, gizani,
akitambaa pembesita moja moja,
mpaka akawa ubavuni kwangu, karibu mno, pazuri mno.
Akatupa dadu. Moja.
Topido ikakataa.
Zamu iliyofuata nilikuwa na mizinga minane
na sikuhitaji bahati.

Nikamsogezea kopo arudishe karafuu.
"Aliyezama kazama," akasema. Si wewe uliyeandika?
Akazikusanya kiganjani, zote,
akazimwaga kwenye birika lililokuwa linachemka.
Chai ile ilikuwa kali hadi ulimi ukafa ganzi.
Tuliinywa. Tungefanyaje.

Sasa amelala kitini na viatu vyake vya zamu.
Cherehani ya Ussi inaanza kugonga chini ya sakafu.
Nimegeuza kalenda nyingine, mwezi Machi.
Nachora Taa upya:
fundo ishirini na tano na robo tatu.
Nyuma ya dohani ya pili, kimraba kidogo, jiko.
Juu yake bomba jembamba la kutolea moshi,

na hapo penseli imesimama,
kwa sababu ya mstari wa pili wa sheria yangu mwenyewe.